Mshono Ulioniumbua

Wengi wenu mnanijua kama mlinda lango wa bweni letu, na wachache mnanijua kama yule kijana aliyeshindwa kutaja vijenzi vya brasi mbele ya darasa zima la Kemia. Leo siji na habari za mpira. Nakuja na kisa kilichonipata likizo ya Agosti katika karakana ya mjomba wangu mjini Karatina, kisa ambacho hata sasa nikikikumbuka mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Mhariri alitutaka tuandike juu ya kazi za mikono. Nimeandika, ingawa kuna mahali itabidi nijiaibishe mwenyewe.

Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko nyuma kidogo ya soko la Karatina, na siku za soko huwezi kusikia sauti yako mwenyewe kwa kelele za makanga, wauza viazi na mashine za kunolea vyuma, zile tunazoziita graina. Paa ni mabati, na ukuta wa mbele ni hewa. Wazee husimulia kwamba mafundi wa jua kali walianza kutambuliwa na serikali mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji huko Nairobi akaahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga na jua. Mjomba hucheka akisikia hayo. Kwetu chini ya Mlima Kenya, hasa mwezi wa Julai na Agosti, jua lenyewe ni mgeni. Kinachotuadhibu ni ukungu na manyunyu. "Sisi ni jua baridi," yeye husema.

Basi kwa sababu ya ukungu huo, kwenye kona ya karakana kuna friji kuukuu ambayo haijagandisha kitu tangu niijue. Ndani yake kuna balbu moja ya zamani, ya aina ile inayotoa joto, inayowaka usiku na mchana, na rodi zimepangwa humo mikebeni kama penseli. Siku yangu ya kwanza nilidhani mjomba ameingiwa na wazimu. Nani huweka taa ndani ya friji? Kumbe unga ulioganda nje ya rodi hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni, na rodi yenye unyevu hutapika cheche ovyo na kuacha vitobo kwenye mshono.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia karakana, rodi ni ile fimbo nyembamba ya chuma ambayo kwenye vitabu huitwa elektrodi. Umeme hupita ndani yake, ncha yake ikayeyuka, nayo ikawa ndiyo nyama inayojaza pengo kati ya vyuma viwili. Kwa hiyo, na hili sikulielewa hata baada ya kushika rodi mamia kwa mamia, anayechomea hagundishi tu. Anaongeza chuma kingine kati ya vyuma viwili, na chuma hicho lazima kipatane na wale majirani wake wa kulia na kushoto.

Rodi tuliyoitumia kila siku ni ile iliyoandikwa 6013. Mjomba alinifundisha kuzisoma namba hizo kwa subira ambayo walimu wangu, naomba radhi, hawajawahi kunionyesha. Sitini inasema kwamba mshono utahimili mvuto wa angalau pauni 60,000 kwa kila inchi mraba kabla haujakatika. Moja inayofuata inasema unaweza kuitumia ukiwa umeinama, umesimama, au ukiwa chali chini ya lori. Tarakimu ya mwisho, ikisomwa pamoja na ile iliyo kabla yake, inaeleza aina ya unga wa nje na umeme unaofaa. Hiyo 6013 ndiyo ugali wa jua kali. Mageti, madirisha, vitanda, viti vya kanisani, vyote hushonwa nayo kwa sababu vyote ni chuma laini, chenye kaboni kidogo sana. Kwa vyuma vinene vinavyobeba mzigo, kama vile ndoana ya trela, mjomba alitoa 7018. Hiyo ina nguvu zaidi lakini ina maringo: ikinyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye mshono, na mshono unaweza kupasuka saa nyingi baadaye, mteja ameshafika kwao. Vitabu vyataka ihifadhiwe kwenye tanuri la zaidi ya digrii 100, jambo ambalo balbu yetu haiwezi. Kwa hiyo mjomba hununua pakiti ndogo iliyofungwa barabara na kuimaliza siku hiyo hiyo.

Kwa wiki mbili nilichomea mageti. Mishono yangu ikaanza kulala vizuri, ikapangika kama magamba ya samaki. Wapita njia wakaniita welda. Nami nikavimba kichwa, ama kweli, nikavimba.

Ikawa Alhamisi moja mjomba ameitwa Nanyuki kutengeneza meza na sinki za jikoni katika hoteli moja. Hizo zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, kile tunachokiita staini, nacho kina rodi zake: aina ya 308 kwa staini ya kawaida ya jikoni, na 309 mahali staini inapounganishwa na chuma cha kawaida. Aliziweka zote mbili mkobani, akachukua na sumaku yake. Staini ya jikoni kwa kawaida haivutwi na sumaku, na mjomba haamini neno la mteja mpaka sumaku ikubali. Kabla ya kupanda matatu akanigeukia. "Pokea kazi, usichome. Andika jina na namba ya simu, uwaambie warudi Jumamosi."

"Sawa, mjomba."

Saa nne hivi akaja mama mmoja kutoka vijiji vya juu, karibu na msitu, amepakiwa kwenye bodaboda na gunia mapajani. Ndani ya gunia mlikuwa na kipande cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Wenyeji wa Nyeri mnaijua mashine hiyo: gurudumu zito lenye visu, mdomo wa kulishia nepia, na mota pembeni. Kipande alicholeta ni kishikilio cha beringi, kile kinachobeba ekseli ya gurudumu lenyewe. Kilikuwa na ufa tangu juu hadi karibu na tundu la bolti.

"Kijana wangu, fundi yuko?"

Wasomaji, ulimi hauna mfupa. "Ni mimi, mama," nikasema.

Akanitazama juu hadi chini. Akaniambia ana ng'ombe watano wa gredi, wawili wanakamuliwa, na tangu jana anakata nepia kwa panga hadi viganja vimechubuka. Hakuweza kungoja Jumamosi. Nami sikumwambia arudi Jumamosi.

Nilipouweka ufa kwenye graina niliona jambo. Cheche za geti huruka mbali, ndefu, nyeupe zenye umanjano. Cheche hizi zilikuwa fupi, nyekundu nyekundu, zikifia karibu na jiwe. Mikono yangu ikajaa vumbi jeusi kama la ncha ya penseli. Niliona yote hayo na sikujiuliza hata swali moja. Nikachukua rodi ya 6013, ile nene ya milimita 3.2, nikaweka ampia 120, nikashona. Nilipogonga gamba jeusi likadondoka, mshono ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Mama akatabasamu.

Kisha kikaanza kupoa. Nikasikia "ti", halafu tena "ti", kama mabati ya paa jua linapozama. Nikainama. Pembeni mwa mshono, si juu yake, palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele.

Nani angeuona? Nilichukua kopo la rangi nyeusi nikakipaka kipande chote, nikamwambia rangi inazuia kutu. Akanilipa shilingi 800 kwa M-Pesa, kwenye simu yangu, si ya mjomba. Jioni hiyo nilinunua chipsi na soda, na mia moja nikaiweka kwenye bando la intaneti.

Jumamosi asubuhi mjomba alikuwa amerudi na tulikuwa tunakunywa chai. Yule mama akaja kwa miguu kutoka stendi, ameandamana na mtoto wake wa kiume wa miaka kama kumi. Hakupiga kelele. Nilitamani sana apige kelele. Alitoa kipande kwenye gunia, kikiwa sasa vipande viwili, akakiweka mezani. Kando yake akaweka kigae cha kisu, kirefu kama kidole cha shahada.

Alieleza kwa sauti ya chini. Ijumaa jioni walifunga mashine, ikazunguka vizuri kwa dakika chache. Mara kishikilio kikaachia, gurudumu likainama, kisu kikaugonga mdomo wa chuma. Kigae kiliruka kikajikita kwenye ubao wa zizi, kiganja kimoja juu ya kichwa cha kijana wake. Mtoto alisimama pale akivuta kamasi na kutazama viatu vyangu.

Kijasho chembamba kikanitoka. Mjomba akakigeuza kipande, akakwangua rangi kwa ukucha.

"Nani alipaka rangi hapa?"

Nilisikia soko lote limenyamaza, ingawa bila shaka halikunyamaza. "Ni mimi, mjomba."

"Na ufa ulikuwa umeuona?"

"Niliuona."

Hakunipiga. Alimwomba mama radhi, akamrudishia zile shilingi 800 kutoka mfukoni mwake, na akamwambia kisu kipya atanunua yeye. Kisha akaniambia, "Lete tupa."

Alikibana kipande kwenye jiliwa, ambalo yeye huliita vaisi, akanipa tupa nisugue mahali pasipo na mshono. Tupa ikala vizuri, unga wa kijivu ukamwagika. "Sasa sugua hapa, ukingoni mwa mshono wako." Tupa iliteleza kama juu ya kioo. Haikuacha hata alama.

"Umeona? Umetengeneza kioo."

Hicho hakikuwa chuma laini. Kilikuwa chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti, kinachomiminwa kwenye kalibu kama mandazi ya maji. Tofauti yao ni kaboni. Chuma cha geti mara nyingi hakifikishi hata robo ya asilimia moja ya kaboni. Kasti ina asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa yake imekaa humo kama vipande vidogo vya grafiti, ndiyo ile penseli iliyonichafua mikono. Nilipoyeyusha rodi ya chuma laini ndani yake, mshono ulinyonya kaboni na ukapoa haraka, ukawa mgumu na mkavu, na kasti iliyo ukingoni nayo ikageuka vivyo hivyo. Tena mshono unapopoa hunywea. Chuma cha geti huvutika kidogo kikavumilia. Kasti haijui kuvutika, hupasuka. Zile "ti, ti" nilizozisikia zilikuwa kasti ikiniambia ukweli kabla mtu mwingine yeyote hajaniambia.

Dawa ya kasti, alisema mjomba, ni rodi yenye nikeli: ile ya nikeli karibu tupu, au ile ya nikeli asilimia 55 na iliyobaki zaidi ni chuma. Nikeli haigombani na kaboni. Huiacha itulie kama grafiti, na mshono unabaki laini hata ukaingiliwa na tupa. Lakini rodi moja ya nikeli yaweza kukugharimu zaidi ya kilo nzima ya rodi za kawaida, kwa hiyo maduka mengi hayaiweki. Alinituma niitafute Karatina nzima. Hakuna. Nikapanda matatu hadi Nyeri mjini, nauli nikijilipia, nikaingia maduka matatu ya vifaa. Katika la tatu muuzaji alisema ataagiza Nairobi, ije Jumatano. Nilirudi mikono mitupu, na njiani, tulipopita wanawake waliobeba mizigo ya nepia mgongoni, nilitazama upande mwingine.

"Jumatano ni mbali," mjomba akasema. "Ng'ombe hawali ahadi. Tutatumia brasi."

Hapa, wasomaji, ndipo nilipojifunza kwamba fundi hachagui rodi iliyo bora duniani. Huchagua ile inayofaa chuma hiki, kwa kazi hii, siku hii. Mjomba aliniuliza maswali kabla ya kugusa mtungi wa gesi. Je, kishikilio hiki hupata moto kikifanya kazi? Nikasema kidogo tu, joto la beringi. Basi brasi inaweza. Je, rangi yake kutofanana na kasti itamwudhi mwenyewe? Haitamwudhi. Je, ingekuwa ni gurudumu lenyewe lililopasuka, tungetumia rodi gani? Nikafikiri sana, nikasema nikeli.

"Hapana. Gurudumu linalozunguka kwa kasi, lina visu juu yake na mtoto wa mtu mbele yake, mimi silishoni kwa rodi yoyote. Ningemwambia anunue jingine, hata kama angeniita mwizi."

Tulianza kwa kuuondoa mshono wangu wote, hadi kasti safi ionekane. Kazi hiyo alinipa mimi, na ilichukua saa mbili na jiwe zima la graina. Alitoboa tundu dogo mwisho wa ufa mmoja uliobaki ili usiendelee kutambaa. Tukavibana vipande viwili pamoja, tukavizika kwenye makaa vipate moto polepole pande zote, mpaka mafuta ya zamani yaliyojificha ndani yakatoka moshi na kuisha. Kisha akawasha gesi.

Uzuri wa brasi ni huu: huyeyuka karibu na digrii 900, na kasti inangoja hadi zaidi ya 1,100. Kwa hiyo kasti yenyewe haiyeyuki hata kidogo. Inakuwa nyekundu iliyofifia, unachovya fimbo ya brasi kwenye unga wa boraksi, unaigusisha, nayo inatandaa juu ya chuma kama siagi juu ya mkate wa moto. Boraksi ndiyo inayosafisha njia. Bila hiyo brasi hujikunja kuwa vijidonge na kubiringika, haishiki popote.

Mjomba alifanya kazi hiyo nje, upepo wa mlimani ukiwa ubavuni mwake, akanionya nisikae mbele ya moshi. Brasi ni shaba na zinki, na zinki huchemka kwenye digrii 907, jirani kabisa na joto la kazi yenyewe. Moshi wake mweupe ukiuvuta sana, jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Ndivyo ilivyo pia ukichomea mabati au mabomba yaliyopakwa zinki. Mafundi wengi wa kwetu hunywa maziwa wakiamini yanaufukuza moshi huo. Mimi nauliza tu, maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni, watakutana wapi? Mjomba hunywa maziwa pia, lakini baada ya kusimama upande upepo unakotoka.

Alipomaliza hatukukimwagia maji wala kukiacha upepo ukipige. Tulikifukia kwenye debe la majivu makavu kipoe usiku kucha. "Kasti," alisema, "ipashe moto polepole na uipoze polepole zaidi."

Usiku huo nyumbani, nikitafuta njia ya kujipatanisha na dunia, niliona jagi la bati la Cucu linavuja pale mshono wake unapoingia chini. Cucu, mama yake mjomba, hutengenezea ndani yake uji wa mtoto wa mjomba aliye na miaka miwili. Nikafurahi. Hiyo kazi niliiweza! Nilikuwa na pasi ya umeme ya kulehemu na waya wa lehemu niliotumia kutengeneza redio. Nikaipasha pasi moto. Kwa Kiswahili chetu cha chama hiyo ndiyo kulehemu hasa, ingawa pale Karatina ukisema neno hilo watakuuliza umetoka Mombasa.

Mjomba aliniona kutoka upande wa pili wa chumba. Aliinuka akachukua ule mviringo wa waya mkononi mwangu, akausogeza kwenye taa.

"Nisomee hapa."

"Sn 60, Pb 40."

"Pb huko shuleni mnasema ni nini?"

"Ni risasi, mjomba."

"Na jagi hili hunywa nani?"

Pasi ilikuwa ikifuka moshi mkononi mwangu. Nilijua jibu la Kemia, tena nililijua vizuri: bati na risasi zikichanganywa hivyo huanza kuyeyuka kwenye digrii 183, chini ya bati peke yake lenye 232 na risasi peke yake yenye 327. Ndiyo maana mafundi wa redio wanaipenda lehemu hiyo. Nilijua pia kwamba risasi ni sumu, na kwamba huharibu ubongo wa mtoto mdogo polepole, bila kilio wala homa, na kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari. Hayakuwa yamefika mkononi.

Kiswahili kimeliita jambo hili kwa uwazi wa kutisha: neno ni moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Mjomba hakuwa ameisoma sheria hiyo. Alimuuliza tu fundi wa mabomba mmoja kwa nini lehemu yake ni ghali, akajibiwa, na tangu siku hiyo ana mviringo wake wa pili juu ya kabati. Huo ni bati asilimia 99.3 na shaba kidogo, huyeyuka kwenye digrii 227. Ni mgumu zaidi kutandaza, pasi lazima iwe moto kweli, na kwenye bati la jagi lazima utumie maji ya asidi ya kusafishia kisha uoshe kwa maji mengi. Asidi hiyo usiipeleke kwenye redio, itazitafuna nyaya. Redio ina ulimbo wake wa msonobari uliofichwa ndani ya waya wenyewe.

Nililehemu jagi kwa mviringo wa juu ya kabati. Ulikuwa mshono wenye vinundu, wala haukupendeza. Cucu alilijaza maji akaliacha mezani mpaka asubuhi, asiseme neno, na asubuhi meza ilikuwa kavu.

Alumini sikuigusa likizo hiyo. Niliiona tu ikimshinda kijana wa karakana ya jirani, aliyeletewa sufuria kubwa ya shule. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaipasha, unangoja iwe nyekundu kama chuma, na kwenye digrii 660 inaporomoka mbele ya macho yako, huku ngozi ya oksidi iliyo juu yake ikihitaji zaidi ya digrii 2,000. Ina fimbo zake, moja ikiwa na silikoni asilimia 5. Mjomba alisema hiyo ni ya likizo nyingine.

Jumatatu tulikitoa kishikilio kwenye majivu. Mshono ulikuwa wa dhahabu katikati ya weusi, kama jino la tajiri. Mjomba alinipa tupa, nikasugua ukingoni, nayo ikala upande huu na upande ule bila kuteleza. Tukapanda bodaboda na kisu kipya hadi kwa yule mama, njia yote ikiwa tope na majani chai pembeni.

Tulifunga beringi, tukakaza bolti, tukazungusha gurudumu kwa mkono. Mjomba aliweka spana kwenye kishikilio na ncha ya pili sikioni, akasikiliza. Kisha mama akasukuma mtoto wake nyuma ya nyumba na kunigeukia mimi.

"Leo atakayelisha mashine ni huyu."

Mjomba hakunitetea. Alitikisa kichwa kukubali na kusogea kando. Nilibeba mzigo wa nepia mikononi nikasimama pale pale, mbele ya mdomo, mahali pa yule mtoto. Mota ikaunguruma. Magoti yangu yalikuwa ya maji. Niliingiza fungu la kwanza, mashine ikalipokea, vipande vikaanza kurushwa upande wa pili, na ng'ombe wakainua vichwa. Nikaingiza la pili. Nililisha mpaka mzigo ukaisha, na mwingine, na mwingine, wala hakuna aliyeniambia niache.

Walipozima, mama alituletea chai. Mtoto alitoka nyuma ya nyumba, akainama karibu na kishikilio.

"Hii ni dhahabu?"

"Ni brasi," nikamwambia. "Shaba na zinki."

Akafikiri kidogo. "Na ile ya kwanza ilikuwa nini?"

Mjomba alikuwa ananitazama juu ya ukingo wa kikombe. Niliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamwambia, pamoja na habari ya rangi.